Mteja wa hadiwea akirudi na lalamiko: mwongozo wa kulimaliza, kisha kulitengenezea huduma inayolipa

Mtaa unaojengwa haukosi hadiwea, yaani maduka ya vifaa vya ujenzi, nne zilizopangana. Yote yanauza saruji ya kiwanda kile kile, nondo zilizoshushwa na lori moja, bati za bohari moja. Bei zikipishana ni kwa shilingi mia mbili, mia tano. Ukishusha leo, jirani anashusha kesho, na wote mnabaki na faida isiyotosha kulipa umeme. Kinachomfanya mteja avuke maduka matatu aje kwako ni jinsi alivyotendewa siku mzigo ulipofika pungufu, au siku rangi ilipokataa kufanana ukutani.

Mwongozo huu ni wa mwenye duka la kati: kaunta moja, stoo, vijana wawili watatu, na kirikuu (gari dogo la mizigo) au toyo (pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu) ya kukodi. Wazo lake ni moja: lalamiko linalojirudia ni huduma ambayo wateja wanaitaka na wewe hujaanza kuiuza.

Piga kwanza hesabu ya lalamiko moja

Tuseme mfuko wa saruji unaununua 15,500 na kuuuza 16,000. Faida ni 500. Mfuko mmoja ukirudishwa umeganda na ukaubadilisha kwa gharama yako, umekula faida ya mifuko 31. Ndiyo maana wenye maduka wengi hukunja uso mteja akitokea na mfuko begani.

Sasa geuza hesabu. Mteja huyo yuko kwenye msingi. Mbele yake kuna nondo za nguzo na renta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), bati, misumari, mabomba, nyaya, rangi, marumaru, vitasa. Kubishana naye juu ya 15,500 wakati nyumba nzima haijanunuliwa ni kuangalia ndoo ukaacha kisima. Lakini hii haina maana ya kutoa tu kila anachodai. Ukibadilisha bila kuchunguza, mafundi wajanja watakujua ndani ya mwezi mmoja, na kila saruji iliyolala nje na mvua itarudi kwako.

Hatua ya kwanza: mpokee, mwandike

Mtoe kaunta. Mtu mwenye hasira akiwa mbele ya wateja wengine anazungumza na wao, si na wewe. Mpe kiti pembeni, mwite anavyostahili kuitwa, na umwache amalize: “Pole sana, mama. Nieleze toka mwanzo, naandika.” Neno “naandika” linapoza kuliko maji ya baridi, kwa sababu anaona jambo lake halitaishia hewani. Kijana asiseme “sisi hatuna kosa” wala “fundi wako ndiye mbovu”, hata kama ni kweli. Na usimpigie fundi wake simu hapo hapo ili waumbuane. Fundi huyo ndiye atakayemwambia mteja anunue wapi kesho.

Daftari la malalamiko liwe moja, kubwa, la mistari, lenye safu hizi: tarehe, jina na simu, namba ya risiti, bidhaa na idadi, lini ilinunuliwa na lini ilitumika, tatizo kwa maneno yake mwenyewe, anataka nini, chanzo kilichoonekana, uamuzi, gharama, siku ya kumpigia. Safu ya “anataka nini” husahaulika, nayo ndiyo inayookoa pesa. Mara nyingi unajiandaa kurudisha fedha yote kumbe mtu alitaka galoni moja ya kumalizia ukuta.

Msomee ulichoandika. Akikubali, mwambie utampa jibu saa ngapi. Vitu vidogo, jibu ni hapo hapo. Vinavyohitaji kwenda saiti, jibu ni kabla ya jua kuzama siku hiyo au kesho yake asubuhi. “Tutaangalia” si jibu.

Hatua ya pili: tafuta chanzo kabla ya kutafuta mkosaji

Lalamiko la hadiwea huwa na chanzo kimoja kati ya vitano: bidhaa mbovu, stoo yako, usafiri, matumizi ya saiti, au oda iliyoeleweka vibaya. Kila bidhaa ina namna yake ya kukupa jibu, na hapa ndipo mwenye duka anayejua kazi anapojitenga na mchuuzi.

*Saruji.* Mteja anasema “imeganda”. Vunja bonge kwa vidole. Likisagika likawa unga laini, ni mgandamizo tu: mfuko ulikaa chini ya rundo refu, na ukibingirishwa sakafuni mara chache unarudi sawa. Bonge likigoma kama kokoto, saruji imekunywa unyevu na imeshafanya kazi yake kabla ya kufika kwenye ukuta. Hiyo usimpe mtu kwa zege, hata kwa punguzo. Angalia kona na tako la mfuko: ugumu ukiwa upande mmoja tu, mara nyingi mfuko uliegemea ukuta wa stoo au uliloa kwenye gari. Ukiwa mgumu pande zote, umri wake umekwenda. Kinga yake inajulikana: paleti inayoinua mifuko sentimita 10 hadi 15 kutoka sakafuni, nafasi ya sentimita 30 kutoka ukutani, rundo lisizidi mifuko 10, na ya zamani itoke kwanza. Saruji iliyozidi miezi mitatu stoo imepoteza sehemu ya nguvu yake hata kama haijaganda. Bandika karatasi ya tarehe ya kushusha kwenye kila rundo. Kijana asiyeona tarehe atachukua mfuko ulio karibu na mlango.

Lalamiko la “plasta inapasuka” ni jingine kabisa. Uliza mambo mawili: uwiano wa mchanga, na ilimwagiliwa siku ngapi. Plasta yenye saruji nyingi kupita kiasi, iliyoachwa ikakaushwa na jua siku ile ile, itapasuka hata kama saruji imetoka kiwandani asubuhi. Zege na plasta hutaka maji walau siku 7. Uliza pia aliuziwa daraja gani, yaani namba ya nguvu iliyoandikwa kwenye mfuko. Saruji ya 32.5 inatosha kujengea tofali na kupiga plasta. Kwa slabu, nguzo na renta mwelekeze kwenye 42.5. Ukimuuzia mtu wa slabu ile ya kwanza bila kumuuliza anajenga nini, hapo kosa ni la kaunta yako.

*Nondo.* “Nondo zenu nyembamba.” Usibishane kwa macho, pima kwa mzani. Kanuni ni kipenyo kwa milimita, kizidishwe kwa chenyewe, kigawanywe kwa 162, upate kilo kwa mita. Nondo ya milimita 10 ni kilo 0.617 kwa mita; ya 12 ni 0.888, ya 16 ni 1.58. Kwa hiyo nondo nzima ya mita 12 yenye milimita 12 iwe karibu na kilo 10.7. Kiwango huruhusu tofauti ya asilimia chache. Ikisoma kilo 9, ujue umeuziwa ya milimita 11 kwa jina la 12. Tofauti ya milimita moja inaonekana ndogo, ila chuma kilichopungua ni asilimia 16, na hicho ndicho kinachobeba nyumba ya watu. Pima pia urefu. Nondo yenye mita 11.6 ni lalamiko la haki.

*Bati.* Hapa ugomvi huletwa na neno “geji”. Namba ikipanda bati linapungua unene: 28 ni nene kuliko 30. Lakini unene halisi hupishana kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine kwa geji ile ile, kwa hiyo nunua mikromita, pima mbele ya mteja, na uandike milimita kwenye risiti. Bati lenye madoa meupe kama chumvi limepata kutu nyeupe: lilirundikwa likiwa na maji katikati. Hilo ni kosa la stoo yako, au la saiti kama alilikalisha wiki mbili bila kuezeka. Paa likivuja, usiende na bati jipya, nenda na ngazi. Kwa bati la migongo, angalia kama msumari umepigwa mgongoni au bondeni kunakopita maji, kama mpira wa kofia umewekwa, na kama bati zimepandiana vya kutosha.

*Rangi.* Malalamiko mawili yanatosha kujaza daftari. La kwanza, rangi haifanani. Soma namba ya toleo chini ya kopo. Toleo tofauti linaweza kutofautiana kidogo hata kama jina la rangi ni moja, na rangi iliyochanganywa kwa mashine dukani ndiyo zaidi. Dawa: mteja anunue yote kwa mara moja, na kabla ya kupaka achanganye makopo yote kwenye pipa moja. La pili, rangi inabanduka. Kwangua kipande ugeuze nyuma. Ukikuta unga wa plasta umeshikamana nacho, ukuta haukupigwa praima (rangi ya kwanza ya kushikiza) au plasta ilikuwa bado mbichi. Plasta mpya hutaka karibu wiki nne. Uliza pia maji yaliyoongezwa. Fundi aliyekubaliana bei ya jumla ana kila sababu ya kuifanya galoni moja iwe moja na nusu.

*Marumaru.* Kila boksi lina alama ya toni na ya kipimo. Ukimpakilia mteja maboksi 14 ya toni moja na mawili ya nyingine, sakafu yake itakuwa na kiraka mpaka siku anahama. Soma alama kabla ya kupakia, si baada ya kupigiwa simu.

*Nyaya na mabomba.* Waya wa rola huuzwa kwa yadi au kwa mita. Yadi 100 ni mita 91.44, mteja aliyehesabu mita 100 atarudi akidai umemkata mita 8 na nusu. Soma lebo mbele yake. Kwenye mabomba, PPR (bomba la plastiki) ya milimita 20 hupimwa kwa nje, ndiyo inayokwenda na kiungo cha nusu inchi. Anayeomba “bomba la nusu” bila kusema ni la aina gani, mwoneshe aina ulizonazo kabla hujakata.

Misumari na kila kinachouzwa kwa kilo kina kinga moja: mzani uliohakikiwa na kupigwa muhuri na Wakala wa Vipimo, umewekwa mahali mteja anapousoma mwenyewe.

Hatua ya tatu: amua, tena haraka

Mpe kijana wa kaunta mamlaka ya kumaliza jambo mpaka kiwango fulani bila kukupigia simu. Shilingi 20,000 ni mwanzo mzuri kwa duka la kati. Masharti yawe mawili: ameandika kwenye daftari na amepiga picha. Koki ya 8,000 inayovuja haistahili mteja asubiri bosi arudi kutoka msibani.

Chanzo kikiwa bidhaa au stoo, badilisha na ubebe usafiri wa kurudi. Mteja asilipe nauli ya kosa lako. Kikiwa usafiri, badilisha leo na umkate dereva baadaye kwa makubaliano yenu. Mteja hahusiki na ugomvi huo. Kikiwa oda iliyoeleweka vibaya na bidhaa ni nzima, ipokee, na kama mmekubaliana tangu mwanzo, kata ada ndogo ya kuirudisha rafuni. Kikiwa matumizi, sema ukweli kwa upole ukiwa na ushahidi mkononi, kisha toa msaada usiokugharimu bidhaa: nenda saiti, mwelekeze fundi namna ya kurekebisha, muuzie praima kwa bei ya kununulia. Wengi wakishaoneshwa chanzo kwa macho yao hawadai tena chochote.

Vitu visivyorudi viandikwe kabla ya kuuzwa: rangi iliyochanganywa kwa oda, waya na bomba lililokatwa, saruji iliyokwishatoka na kulala saiti. Lakini lile bango la “bidhaa ikiuzwa hairudishwi” lishushe. Kwa Tanzania, Sheria ya Mauziano ya Bidhaa (Sura ya 214) inataka bidhaa iwe ya ubora unaouzika na ifae kwa kazi iliyonunuliwa, na bango peke yake halikuondolei wajibu kwa kitu kibovu. Tena linamwambia mteja mpya kwamba hapa watu hurudi sana.

Siku mbili baada ya kumaliza, piga simu. “Shikamoo mzee, ile koki imekaa vizuri?” Dakika moja tu. Ni maduka machache sana yanayofanya hivyo, na mtu hatasahau.

Hatua ya nne: mdai aliyekuuzia

Gharama ya bidhaa mbovu isikae kwako. Hifadhi mfuko wenyewe, kopo au lebo yenye namba ya toleo, picha yenye tarehe, na hati uliyopokelea mzigo. Msambazaji atauliza hivyo vinne, na usipokuwa na kimoja ataanza kukuzungusha. Mweleze ndani ya siku chache, kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa WhatsApp. Na lori likija, usisaini hati kabla hujahesabu na kupima: nondo tatu kwenye mzani kutoka vifungu tofauti, mifuko mitano ya chini kabisa. Ukikuta kasoro, iandike kwenye hati ile ile na dereva aweke sahihi. Baada ya lori kuondoka una maneno tu.

Hatua ya tano: Jumamosi jioni, fungua daftari

Nusu saa inatosha. Hesabu malalamiko ya wiki kwa chanzo na kwa gharama, na uhesabu pia mizigo yote iliyotoka, ili ujue ni mizigo mingapi kati ya mia inazaa ugomvi. Lililotokea mara moja liache. Lililojirudia mara tatu ndani ya mwezi litafutie huduma. Katika maduka mengi yatajitokeza yale yale: mzigo umechelewa, idadi pungufu, vifaa vimebaki au vimepungua, nondo zimekunjwa, na “nilinunua pole pole bei ikapanda”. Hayo matano yana pesa.

Mzigo uliochelewa na mzigo pungufu

Mteja anayesubiri saruji amekaa na fundi na vibarua wanne waliokwisha kulipwa siku. Ikifika saa tano badala ya saa moja na nusu, amepoteza nusu ya siku ya watu watano, na hasira yake haina uhusiano na bei yako. Basi uza muda. Weka mizunguko miwili: ya asubuhi, inayofika kabla ya saa 2, na ya alasiri. Mzunguko wa asubuhi upakiwe jioni iliyotangulia, gari lilale ndani, turubai limefungwa, oda imelipwa kabla ya saa 11 jioni. Atakayepiga simu saa 1 asubuhi aambiwe wazi kuwa ni wa alasiri. Ukimwonea huruma mmoja, umewachelewesha wanne.

Idadi huhesabiwa mara mbili kwa sauti: wakati wa kupakia na wakati wa kushusha. Saruji ishushwe kwa mafungu ya kumi kumi, hata mlinzi asiyejua kusoma aone mafungu matano ndiyo hamsini. Hati ya mzigo iwe na jina la mpokeaji alilolitaja mteja mwenyewe, sahihi, na picha ya mzigo ukiwa chini. Usimkabidhi mtu asiyetajwa, hata akiwa amevaa kofia ya ujenzi na anajua jina la mwenye nyumba.

Vifaa vimebaki, vifaa vimepungua: uza hesabu

Wateja wengi hununua kwa kukisia kwa sababu hakuna aliyewahesabia. Ukimhesabia mteja bure na kwa usahihi, karatasi yenye jina la duka lako ndiyo atakayotembea nayo mtaani. Weka kaunta kalikuleta, futikamba na kanuni chache zilizobandikwa.

Zege la uwiano wa 1:2:4 hula karibu mifuko sita na nusu ya saruji kwa mita moja ya ujazo. Slabu ya mita 5 kwa 4 yenye unene wa sentimita 10 ni mita 2 za ujazo: mifuko 13, mchanga karibu mita 0.9 za ujazo na kokoto mara mbili yake. Ukuta wa tofali za inchi 6 zilizosimikwa, zenye sura ya milimita 450 kwa 225, weka tofali 10 kwa kila mita ya mraba pamoja na za kuvunjika.

Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye kuta za mita 3: mzunguko mita 14, kuta mita za mraba 42, toa mlango na dirisha ubaki na 38. Mikono miwili ni 76. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita 10 za mraba kwenye ukuta uliokwisha kupigwa praima, hivyo lita 7.6, yaani galoni mbili za lita 4. Ukuta mbichi hunywa zaidi, mwambie mapema.

Marumaru ya sentimita 60 kwa 60 inayokuja vipande vinne kwa boksi hufunika mita za mraba 1.44 kwa boksi. Sakafu ya mita za mraba 20, ongeza asilimia 10 ya kukatwa na kuvunjika, ni 22, gawanya kwa 1.44, upate maboksi 16. Mshauri aweke boksi moja la ziada la toni ile ile. Miaka mitatu baadaye bomba likipasuka chini ya sakafu, hatapata marumaru ile popote.

Kisha ahidi jambo ambalo jirani yako hathubutu: maboksi na makopo ambayo hayajafunguliwa yanapokelewa ndani ya siku 30, yakiwa na risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi). Ukihesabu vizuri yatarudi machache, na mteja hataogopa kuchukua asilimia 10 ya ziada.

Nondo zilizokunjwa: uza ukataji

Nondo ya mita 12 haiingii kwenye kirikuu, kwa hiyo inakunjwa katikati kama waya, ikifika saiti inanyooshwa kwa nyundo, na sehemu ile haiwi nondo tena. Mashine ya kukatia na meza ya kukunjia vinaondoa tatizo hilo, na ndivyo vinavyolipa kuliko huduma zote za hadiwea.

Chukua ringi za nguzo, yaani vyuma vilivyokunjwa vya kuzungushia nondo zake. Nguzo ya milimita 230 kwa 230, ukiacha zege la kufunika milimita 25 kila upande, inataka ringi ya 180 kwa 180. Mzunguko ni 720, ongeza ndoano mbili za milimita 80 kila moja kwa nondo ya 8, jumla 880. Nondo moja ya mita 12 inatoa ringi 13 na kipande cha sentimita 56. Nguzo ya mita 3 yenye ringi kila sentimita 20 hutaka ringi 16. Nguzo nne ni ringi 64: nondo tano zinatoa 65. Mteja aliyezoea kununua nondo saba “zisipungue” anaokoa mbili, analipa ufundi wako wa kukata na kukunja, na bado anatoka ameshinda. Uza kwa ringi, si kwa nondo. Vipimo viandikwe na mteja au fundi wake na viwekwe sahihi, kwa sababu ringi iliyokwisha kukunjwa haina mnunuzi mwingine.

Mteja wa kudunduliza

Nyumba nyingi hujengwa kwa kudunduliza: mifuko mitano mwezi huu, bati kumi baada ya mavuno. Akipeleka nyumbani, saruji inagandia chini ya kitanda. Mfungulie kadi. Akilipa mfuko kwa bei ya leo, andika mfuko, si shilingi, na achukue ndani ya siku 90. Siku ya kuchukua anapewa saruji mpya ya siku hiyo, maana kilichowekwa ni haki yake, si mfuko wenyewe. Nakala moja ya kadi kwake, moja kwako, na ujumbe wa simu kila anapolipa.

Hatari iko wazi: bei ikipanda utalipia tofauti. Kwa hiyo usifungie bei mifuko mingi kuliko unayoweza kuinunua leo kwa fedha zile zile, na fedha hizo zikae kwenye akaunti ya peke yake. Mwenye duka anayelipia kodi ya pango kwa pesa za kadi ataumbuka siku wateja sita watakapokuja pamoja baada ya mvua kukatika.

Bei za huduma

Hesabu na ushauri, bure. Kukata nondo na bomba, ada ndogo kwa kila mkato. Kufikisha mzigo, nauli yake iandikwe peke yake kwenye risiti. Ukiificha ndani ya bei ya saruji utaonekana ghali kwa wenye gari zao. Toroli, ngazi, mashine ya kutoboa: kodisha kwa siku, amana mkononi.

Halafu kuna “cha juu” ya fundi. Maduka mengi huongeza bei ili fundi aliyemleta mteja apate chake. Mteja atauliza duka la pili, atakuta tofauti, na atakayechafuka ni wewe, fundi atakuwa amehama mtaa. Bei ya risiti ibaki moja kwa wote. Fundi mpe haki yake waziwazi: punguzo kwenye zana zake mwenyewe, mali kauli ya vitu vidogo inayolipwa Jumamosi, oda yake kupakiwa ya kwanza. Baadhi watakukimbia. Watakaobaki ni wale ambao kazi yao hairudi na malalamiko.

Na mteja akikuomba umtafutie fundi, mpe majina mawili au matatu, apatane nao mwenyewe. Usipokee kamisheni. Ukipokea, ufa wa ukuta ule utaandikwa kwenye daftari lako.